Je, Larry Holmes Aliwakimbia Waliostahili?

SWALI: Bwana Mhariri, mimi na mjomba wangu wa Umoja tunabishana kila Jumapili baada ya chakula. Yeye alifuatilia ndondi redioni na magazetini miaka ya themanini, na anashikilia kwamba Larry Holmes ndiye bingwa bora wa uzani mzito tangu Muhammad Ali, kwa sababu alilitetea taji mara 20. Mimi nimeipitia orodha ya aliopigana nao, na naona majina kama Zanon, LeDoux, Rodriguez na Scott Frank. Nasema alijichagulia vibonde. Nani kati yetu anasema kweli? – Msomaji, Kariobangi Kusini.

JIBU: Ndugu msomaji, mjomba wako yuko karibu na ukweli kuliko wewe, ingawa sababu anayoitoa haimsaidii. Wewe nawe una hoja nzito, ila umeiweka kwa watu wasiohusika.

Nianze na hiyo idadi. Holmes alimshinda Ken Norton tarehe 9 Juni 1978 mjini Las Vegas, baada ya raundi 15, majaji wawili wakiwa upande wake na mmoja upande wa Norton, akautwaa mkanda wa WBC, moja ya mashirikisho ya ndondi yanayotoa ubingwa wa dunia. Alipoteza ubingwa Septemba 1985. Katika miaka hiyo saba alilitetea taji mara 20, na katika uzani mzito ni Joe Louis peke yake, mwenye 25, aliyekuwa amemzidi. Lakini idadi haisemi aliyesimama upande wa pili wa ulingo alikuwa nani. Hata Louis, alipokuwa akipanda ulingoni karibu kila mwezi mwanzoni mwa 1941, waandishi wa Marekani waliwakejeli wapinzani wake mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mjomba na aiweke kando hiyo 20, tutazame watu.

Tukiwatazama, yafaa tukubaliane kwanza kwamba kustahili ni jambo la siku ile mkataba unapotiwa saini, wala si la miaka mitano baadaye. Nasisitiza hili kwa sababu watetezi wa Holmes hupenda kuhesabu kwamba wanne kati ya aliowashinda walikuja kuwa mabingwa: Mike Weaver, Trevor Berbick, Tim Witherspoon na James Smith. Ni kweli, na ni sifa kubwa kwa ngumi za Holmes, lakini hilo halithibitishi kwamba walistahili nafasi walipopewa. Weaver alipopangwa kukutana naye Juni 1979 katika ukumbi wa Madison Square Garden, alikuwa bondia aliyekwisha kushindwa mara nyingi, na wengi waliliona pambano hilo kama mazoezi ya bingwa. Holmes alitokwa jasho la damu mpaka refa aliposimamisha pambano katika raundi ya 12, na miezi tisa baadaye Weaver akamwangusha John Tate katika raundi ya 15 na kuwa bingwa wa WBA, shirikisho jingine. Huyo alikuwa hatari bila ya kustahili.

Earnie Shavers, aliyemfuata Septemba mwaka huo huo, alikuwa na yote mawili. Mwezi Machi alikuwa amemaliza kazi na Norton katika raundi ya kwanza, na hapakuwa na mtu mwenye haki kubwa kuliko yake ya kudai nafasi. Alimwangusha Holmes katika raundi ya 7 kwa ngumi ya kulia ambayo mabondia wengi wasingeamka baada yake. Holmes aliamka, akashinda katika raundi ya 11. Mtu anayewakimbia wapinzani hampi nafasi Shavers.

Ukitaka kumshambulia Holmes, mwaka 1980 unakupa silaha. Lorenzo Zanon, Leroy Jones na Scott LeDoux walipita mmoja baada ya mwingine kati ya Februari na Julai, na kisha Oktoba 2 akaletwa Ali. Wazee wa hapa Nairobi wataukumbuka mwaka huo, kwa kuwa Februari Ali alikuwa amefika huku akitumwa na Rais Jimmy Carter kuyahimiza mataifa ya Afrika yaisusie Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na umri wa miaka 38 na hakuwa amepigana kwa miaka miwili. Jina lake liliuza tiketi, ila kwa kipimo chochote cha haki hakustahili kuwa pale, na Holmes, ambaye zamani alikuwa mwenzake wa mazoezi, alionekana akimpiga huku akitamani mtu aingilie kati. Mkufunzi wa Ali, Angelo Dundee, alilisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Tangu mwisho wa Machi mwaka huo Weaver alikuwa na mkanda wa WBA, na wawili hao hawakukutana tena wakiwa mabingwa.

Gerry Cooney ni kesi ya kinyume na Weaver. Alipopanda ulingoni tarehe 11 Juni 1982 alikuwa hajashindwa katika mapambano 25 na alitajwa kuwa mpinzani wa kwanza katika orodha ya viwango, kwa hiyo kwa orodha hiyo alistahili. Ukiangalia ameipandaje orodha hiyo, utawakuta Jimmy Young, Ron Lyle na Norton, wote wakiwa wamekwisha kupita enzi zao, na Norton alizimwa kwa sekunde 54 tu. Cooney alikuwa Mzungu, na waandalizi walijua thamani ya jambo hilo katika Marekani ya wakati ule. Bingwa mweusi alitambulishwa ulingoni kabla ya mpinzani wake, kinyume cha desturi. Holmes alimshinda katika raundi ya 13. Kwa maoni yangu Cooney alikuwa bondia mzuri kuliko walivyomfanya wale waliomtangaza, lakini yapo majina yaliyokaa foleni kwa muda mrefu wakati yeye akipitishwa mlango wa mbele.

Sasa nifike kwenye hoja yako nzito, ambayo haimo katika majina uliyoyataja. Iko katika usiku mmoja, tarehe 20 Mei 1983, katika hoteli ya Dunes mjini Las Vegas. Usiku huo promota Don King aliwakusanya chini ya anga moja karibu wote waliokuwa na maana katika uzani mzito. Holmes alipigana na Witherspoon. Michael Dokes, bingwa wa WBA, alirudiana na Weaver, na raundi 15 zikaisha bila ya mshindi. Greg Page naye alimshinda Renaldo Snipes kwa kauli moja ya majaji, na kwa ushindi huo akawa mpinzani ambaye WBC ilimtaka Holmes akutane naye. Mwanandondi yeyote mwenye akili, akiketi kiti cha mbele usiku ule, angepanga mapambano ya miaka miwili iliyofuata bila ya kuuliza mtu: Holmes na Page, Holmes na mshindi kati ya Dokes na Weaver, na kumrudia Witherspoon.

Nasema kumrudia kwa sababu Witherspoon, ambaye kabla ya hapo alikuwa na mapambano 15 tu, alimtikisa bingwa vibaya katika raundi ya 9, na majaji walimpa Holmes ushindi wakigawanyika wawili kwa mmoja. Kila nikilitazama upya pambano hilo nampa Witherspoon kwa pointi moja, na najua wapo wanaonipinga.

Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililofanyika. Septemba Holmes alipigana na Scott Frank, akammaliza katika raundi ya 5. Novemba alipigana na Marvis Frazier, mtoto wa bingwa wa zamani Joe Frazier, kijana aliyekuwa amepigana mara 10 tu katika ngumi za kulipwa, na hakudumu raundi moja. WBC haikulitambua hilo kuwa pambano la taji. Desemba Holmes aliuachia mkanda wa WBC kuliko kukutana na Page kwa malipo yasiyomridhisha, akapokea mkanda wa IBF, shirikisho lililokuwa limeanzishwa mwaka huo huo na ambalo lilihitaji jina kubwa ili lisikike. Fedha ni sababu ya haki kwa mtu anayeuza damu yake, na simlaumu kwa kutafuta malipo bora. Lakini umeuliza kama alikutana na waliostahili, na katika nusu hiyo ya pili ya 1983 jibu ni hapana.

Mjomba atakuambia kwamba Page alishindwa na Witherspoon Machi 1984, kwa hiyo Holmes hakupoteza kitu. Usimkubalie. Kipimo tulichokiweka kwa Weaver ni kile kile kwa Page: Desemba 1983 Page ndiye aliyekuwa na haki, na kushindwa kwake miezi mitatu baadaye hakumwondolei haki hiyo. Pinklon Thomas, aliyemshinda Witherspoon Agosti 1984, hakupata nafasi pia. Gerrie Coetzee wa Afrika Kusini, aliyemnyang'anya Dokes mkanda wa WBA Septemba 1983, alipangiwa kukutana na Holmes mwaka 1984 na mpango ukavunjika kwa kukosa fedha. Hapo lawama ni ya waandalizi.

Nimtetee tena bingwa, maana mwaka uliofuata haukuwa mbaya kama wengi wanavyodhani. James Smith aliyekutana naye Novemba 1984 alikuwa ametoka kumwangusha Frank Bruno jijini London. David Bey wa Machi 1985 alikuwa amemshinda Page mwenyewe. Carl Williams, kijana wa mapambano 16, alimkimbiza kwa raundi 15 Mei 1985 na akashindwa kwa pointi ambazo bado zinabishaniwa. Holmes aliwachagua vijana wasio na uzoefu akitumaini kazi nyepesi, na vijana hao ndio waliomzeesha. Tena aliyemtoa hakuwa hata katika foleni. Michael Spinks alikuwa bingwa wa uzani ulio chini ya ule, hajapigana na mtu yeyote mashuhuri wa uzani mzito, na kwa kipimo cha orodha hakustahili kabisa. Akamshinda Holmes kwa pointi baada ya raundi 15, Holmes akiwa na ushindi 48 bila ya kushindwa, mmoja tu nyuma ya ule wa Rocky Marciano, bingwa wa zamani aliyestaafu bila ya kushindwa.

Kwa hiyo mwambie mjomba kwamba Norton, Shavers, Cooney, Witherspoon na Bey wanatosha kumwondolea Holmes jina la mkimbizi, na umwombe akutajie ni nani aliyemzuia kupigana na Page.

SWALI: Mhariri, naomba unieleze: bingwa akikataa kupigana na mpinzani wa lazima, mpinzani huyo ana njia gani? – Bondia chipukizi, Pumwani.

JIBU: Kila shirikisho kubwa huwa na orodha ya viwango na humtaka bingwa akutane na wa kwanza katika muda uliowekwa. Pande mbili zisipoelewana, shirikisho huita zabuni: mapromota huleta bahasha, mwenye fedha nyingi huliandaa pambano, na malipo hugawanywa kwa asilimia za kanuni, bingwa akipata fungu kubwa. Bingwa akikataa hata hapo, anaweza kuvuliwa mkanda, au akauachia mwenyewe kama Holmes alivyofanya. Mpinzani basi hupigania mkanda ulioachwa wazi, ila hawezi kamwe kusema kwamba alimshinda mwenye nao. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba mpinzani anaweza pia kulipwa ili asubiri, na kwa kijana anayelipa kodi ya nyumba fedha hizo ni kishawishi. Ukifika huko, soma mkataba wako na wakili asiyelipwa na promota wako.

SWALI: Je, Fatuma Zarika wetu alikutana na waliostahili, au tulimshangilia kwa uzalendo tu? – Mama Shabiki, Eastleigh.

JIBU: Mama, tulimshangilia kwa uzalendo na kwa haki pia. Mkanda wa WBC wa uzani wa supa bantamu aliufuata kwa mwenyewe, Alicia Ashley, huko Michigan mwaka 2016, ambako hakuna jaji aliyekuwa na sababu ya kumpendelea Mkenya. Alipoutetea hapa Nairobi alimkaribisha Catherine Phiri wa Zambia, aliyekwisha kuwa bingwa wa WBC katika uzani wa bantamu. Huyo si mtu unayemwalika ili ujipatie ushindi wa sherehe. Mwaka 2018 alisafiri hadi Mexico kupigana na Yamileth Mercado mbele ya watu wa nyumbani kwake Mercado, akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, yaani kwa tofauti nyembamba kama ile ya Holmes na Witherspoon. Tofauti yao ni kwamba Zarika na Mercado walirudiana. Ilikuwa Novemba 2019, huko huko Mexico, na mara hii Mercado akaondoka na mkanda.