Re: Naenda Colorado Aprili, binamu anataka tupande mlima wenye theluji, ni salama?

Msee, Aprili jua ni kali na watu hudhani hatari ya maporomoko ya theluji imeisha, kumbe ndio theluji inaanza kuloa. Cha kuangalia ni usiku: kama kuliganda vizuri, asubuhi theluji ni ngumu kama simiti na mnapita, lakini jua likishapiga maji yanapenya ndani, tabaka zinaachana, na theluji ya mteremko mzima inaweza kushuka. Kwa hivyo ni kama kupanda kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mnatoka saa tisa usiku, ila hapa si kwa ajili ya kuona jua likichomoza, ni mshuke kabla theluji haijapata joto. Mteremko unaotazama mashariki ndio hulainika kwanza. Mkiona buti linazama hadi kwenye kifundo ama mipira ya theluji inajiviringisha yenyewe, geukeni. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndio huua sana.

Kila mtu abebe transiva (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefunikwa na theluji), fimbo ndefu ya kumtafutia na koleo la kumfukua, coz aliyefunikwa akipita dakika 15 hivi nafasi yake ya kupona inashuka vibaya. Na asubuhi msome utabiri wa Colorado Avalanche Information Center, kituo cha huko kinachotabiri maporomoko ya theluji. Binamu akikuambia hamhitaji hivyo vitu, wewe baki chini unywe chai.