Kuhusu fundi wa nyumba ya Naliendele, Mtwara

Mwanangu, hujambo? Huku wazima, joto tu. Nimesikiliza voisi yako, unauliza kazi umpe mtoto wa mjomba ako ama yule mkandarasi wa mjini mwenye kampuni, ambaye anataka nusu ya hela kabla hata hajachimba msingi.

Nusu usitoe. Awe ndugu awe mgeni, hela inatoka kwa hatua, msingi ukiisha tukaukagua ndo unatoa ya kuta, mkifika lenta unatoa tena, kupaua ni hesabu nyingine kabisa. Na ya mwisho bakiza kidogo mpaka mvua ipige tuone bati kama linavuja, maana fundi akishamaliziwa hela yake simu haipatikani tena.

Sasa nani. Kila mmoja akutajie nyumba mbili alizojenga ambazo zimeshapita masika, sio picha za kwenye simu, picha hata mi naweza kukutumia za majumba ya watu Shangani nikasema yangu. Ntaenda mwenyewe. Mi naangalia chini kabisa pale ukuta unapokutana na ardhi, plasta ikiwa inamenyeka na inatoa unga unga mweupe nawaza chumvi, na huku kwetu ndo ugonjwa wenyewe, watu wanazoa mchanga ufukweni kwa sababu ni bure halafu nondo zinaliwa na kutu humo ndani hadi zege linapasuka. Kwako mchanga ukifika saiti naweka punje ulimini, ukiwa na chumvi gari linageuka nao. Halafu naongea na mama mwenye nyumba, sio baba, baba atasema fundi mzuri tu yaishe. Namuuliza, ulipomwita arekebishe alirudi?

Huyo wa kampuni aonyeshe usajili wa CRB, ile bodi ya makandarasi iliyoundwa kwa sheria ya 1997, wa majengo wana madaraja saba kwahiyo akutajie yake ni la ngapi, na we uliza bodi wenyewe, usiishie kwenye karatasi yenye mhuri. Ila kwa nyumba ya vyumba vitatu, ya chini tu, naona fundi mzuri anatosha, ingekuwa ghorofa ningesema mengine.

Mtoto wa mjomba ako mkono anao, kuta zake zimenyooka. Shida ni undugu, ukimkaripia asubuhi jioni mjomba ako kanipigia. Akitaka kazi asaini makubaliano mbele ya mwenyekiti wa mtaa kama fundi yeyote, mfuko mmoja wa simenti unatoa tofali ngapi, anaanza lini, anamaliza lini. Akinuna, basi tena. Na hela ya vifaa haishiki, simenti nanunua mi, kiwanda cha Dangote si kiko hapahapa Mtwara.

Halafu hiyo Oktoba unayosema mi siitaki. Ndo korosho zinauzwa, kila mtu ana hela anajenga, fundi anashika saiti tatu kwa mpigo kwako anakuachia saidia fundi peke yao, na tofali hazijakauka vizuri mvua hizo. Anza Juni.

Kibali cha ujenzi umeshachukua manispaa? Hukulisema hilo. Nitumie ramani, na mjomba ako akikupigia mwambie bado unaongea na mama.