Mfuko wa jamii na mabinti wa sekondari

SWALI: Shangazi, shikamoo. Sisi ni kina mama tunaoanika dagaa hapa Katonga, Kigoma. Kikundi chetu cha hisa kina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Sasa tumekubaliana tuwasaidie na mabinti wa sekondari wasiache shule. Wenzangu wanataka mama wa binti akopeshwe, arudishe na riba, ili mfuko ukue. Mimi roho inakataa. Tufanyeje? – Mama Z., Katonga

JIBU: Marahaba mwanangu. Roho yako iko sawa, simama hapohapo. Ada ya shule mpaka kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini sare, madaftari na sodo bado vinamwangukia mama. Aliyekosa pesa ya sare leo, riba ataitoa wapi? Akishindwa kurejesha ataona aibu kuja kikundini, na binti ndiyo basi tena. Hisa zikopeshwe, mfuko wa jamii utolewe. Mwenye kutafuta mtaji aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulizie mikopo ya halmashauri: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni za vikundi vya wanawake, na haina riba.

Ninachokiogopa zaidi ni kalenda yenu. Pesa ya dagaa huja wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu na vichanja vinabaki vitupu. Tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na shule zinafunguliwa Julai, katikati kabisa ya ukame huo! Kwa hiyo msipange mchango sawa wa kila wiki. Changeni wakati wa giza, siku mchuuzi anapolipa, palepale kabla pesa haijafika nyumbani. Wakati wa mbalamwezi msimdai mtu. Na mahitaji ya Julai yawe yameshanunuliwa mwanzoni mwa Mei.

Jambo jingine nakuomba sana. Nimeshuhudia binti wa kidato cha pili akikabidhiwa pakiti ya sodo mbele ya mkutano, wanaume wamekaa, picha inapigwa. Aliibana ile pakiti kwapani, hakuinua macho hata mara moja. Msimfanyie hivyo mtoto wa mtu. Chagueni mama mmoja msiri, azungumze na mwalimu wa malezi, vitu vipitie kwake. Kwenye daftari la kikundi andikeni kilichonunuliwa na bei yake, jina la binti msiliandike. Sanduku libaki na kufuli zake tatu, funguo kwa watu watatu wasio ndugu.

Na aliyejifungua je? Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi darasani, ila wengi hawarudi kwa sababu hakuna wa kubaki na mtoto. Kama mfuko unaweza kumpa chochote bibi wa jirani amshike mtoto saa za masomo, anzeni na huyo.