Jibu: Injini ya ndege yangu imezidi uzito kwa kilo 8, nifunge risasi (ile metali nzito) mkiani ili isielemee puani?
Mkuu, achana na risasi kwanza, hamisha betri. Kilo 8 za ziada zikiwa mita 1.2 mbele ya kitovu cha uzito unachokitaka (pale ndege inapojisawazisha) zinavuta pua chini kwa 8 × 1.2 = kilo-mita 9.6. Betri ya kilo 6 ukiirudisha nyuma mita 1.6 unapata 9.6 ileile upande wa mkia, bila kuongeza mzigo. Ila kebo ya starta itarefuka: weka nene zaidi, la sivyo volti zitashuka na injini itazunguka kivivu. Uzito wa kebo hiyo nao uhesabu.

Pima ndege kwa mizani 3, mmoja chini ya kila gurudumu, baada ya kupaka rangi, ikiwa imesawazishwa kama inavyoruka. Kokotoa kitovu cha uzito tangi la mafuta likiwa tupu na likiwa limejaa. Kitovu kikivuka kikomo cha nyuma kilichowekwa kwa ndege hiyo, pua huinuka yenyewe mwendo ukipungua, na kuirejesha huenda kusiwezekane.