Kumchunguza Unayetaka Kumwajiri: Jinsi ya Kupata Rekodi ya Uhalifu Ukiwa Mashinani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa halmashauri ya shule ndogo ya bweni upande wa Malava, Kaunti ya Kakamega, na jukumu ninalolichukua kwa uzito kuliko yote ni kuhakikisha kwamba mlinzi, mpishi, matroni au dereva tunayemwajiri hana historia ya kuwadhuru watoto. Wenzangu wa shule nyingine, wa makanisa na wa vikundi vya akiba huniuliza mara kwa mara habari hizi hupatikana wapi, kwa kuwa wengi hudhani kwamba ni lazima mtu awe na ndugu katika polisi. Si kweli. Njia halali zipo na nyingi zinaanzia hapa hapa kaunti, lakini kila njia ina mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kumnyima riziki mtu asiye na hatia au kumfungulia mlango mtu wa hatari.

Kwanza ifahamike kwamba Kenya haina daftari la wazi ambalo mwananchi anaweza kuandika jina la jirani yake na kusomewa makosa yake. Rekodi ya polisi hutafutwa kwa alama za vidole, na rekodi ya mahakama hutafutwa kwa nambari ya kesi. Jina peke yake halikufikishi mbali, hasa huku kwetu, ambako kutoka Malava hadi Kimilili utawapata akina Wafula na akina Barasa wasiohesabika, na wengi wao wana jina lile lile la ubatizo. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba uchunguzi wowote uanze na mhusika mwenyewe, kwa ridhaa yake iliyoandikwa na kutiwa sahihi, pamoja na majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Ridhaa ikishapatikana, mwombe alete cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, yaani DCI. Mwajiri hawezi kumwombea mtu cheti hicho. Mhusika huingia kwenye akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akajaza ombi, akalipa shilingi 1,000 pamoja na shilingi 50 za huduma, kisha akachapisha fomu ya C24, ambayo ni ya alama za vidole, na kwenda nayo kuchukuliwa alama za vidole akiwa na kitambulisho chake halisi. Hakuna haja ya kusafiri hadi makao makuu ya DCI kwenye barabara ya Kiambu, kwa kuwa alama huchukuliwa pia katika vituo vya Huduma vya serikali, na hapa magharibi vipo Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya na Kisumu, miongoni mwa miji mingine. Fomu hiyo ichapishwe karatasi moja pande zote mbili, na vijana wa saiba, yaani maduka ya intaneti, wakumbushwe jambo hili, kwa sababu mtu aliyetoka mbali na fomu ya karatasi mbili anaweza kulazimika kuichapisha upya mjini. Mkata miwa, mchimba mawe na mama anayefua nguo za watu huwa na vidole vilivyochakaa, na alama zisizosomeka hurudishwa. Ni vyema mtu wa kazi kama hizo apumzishe mikono, aipake mafuta siku chache kabla, na aende ikiwa safi na mikavu.

Shilingi 1,050 na nauli si pesa kidogo kwa mtu anayetafuta kazi ya kulinda lango. Msimamo wangu, ambao halmashauri yetu iliukubali, ni kwamba anayeitisha cheti ndiye anayepaswa kubeba gharama: tunachagua kwanza mtu tunayemtaka, kisha tunamrudishia pesa zake aletapo cheti. Kuwaitisha cheti waombaji wote, ilhali nafasi ni moja, ni kuwatoza maskini ada ya kutafuta kazi.

Cheti kikija, usitosheke na karatasi uliyokabidhiwa, kwa kuwa vyeti bandia vipo. Mwombe mhusika aingie kwenye akaunti yake mbele yako na akipakue tena. Kisha ukisome ukijua kwamba DCI hulinganisha alama za vidole na zile zilizomo katika kumbukumbu zake, kwa hivyo kesi ambayo mshtakiwa hakuchukuliwa alama haitaonekana humo. Na si kila anayekiri kosa dogo mahakamani na kulipa faini huwa amechukuliwa alama.

Hapo ndipo mahakama inapoingia, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia ambayo watu wa mashinani huipuuza bila sababu. Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kesi ya hadharani katika kifungu cha 50, kwa hivyo hukumu iliyotolewa katika mahakama ya Butali, Mumias, Hamisi au Kimilili si siri ya hakimu na polisi. Ugumu ni kujua mahali pa kutafuta. Kesi ya jinai husikilizwa kwa kawaida katika mahakama ya eneo ambalo kosa linadaiwa kutendeka, wala si lazima iwe mahakama ya nyumbani kwa mshtakiwa. Kwa hivyo muulize mwombaji kazi ameishi wapi na alifanya kazi wapi, kisha uwapigie simu waajiri wake wa awali. Mtu aliyefanya kazi Nakuru kwa miaka mingi huenda asiwe na rekodi yoyote Kakamega, hata akiwa na kesi nyingi kiasi gani huko.

Ukishaijua mahakama, nenda kwenye masijala yake na barua iliyoelekezwa kwa mkuu wa kituo hicho cha mahakama, ukieleza wewe ni nani, unatafuta nini, na kwa sababu gani, huku ukiambatisha ridhaa ya mhusika. Karani akikutajia ada ya kupekua faili au ya kupata nakala iliyothibitishwa, lipa kwa njia rasmi na udai risiti. Kiasi kisichokuwa na risiti si ada. Kama unayo nambari ya kesi, kazi ni nyepesi, na kesi za miaka ya karibuni utazitambua kwa herufi E inayotangulia nambari, alama ya kwamba zimesajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Kama huna nambari, utahitaji angalau mwaka na aina ya kosa, ili karani ajue aanzie rejista gani. Nenda mapema asubuhi, na usiende siku ambayo mahakama imejaa. Makarani wengi niliokutana nao ni watu wa kusaidia, mradi aliyefika hajaja kuwaamuru.

Tovuti ya Kenya Law huchapisha bila malipo hukumu za mahakama zetu, hasa za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu mtu aliyefungwa na hakimu mara nyingi hukata rufaa Kakamega, Bungoma au Kisumu, na uamuzi wa rufaa husimulia kesi yote tangu mwanzo. Hata hivyo, katika kesi zinazohusu watoto, majina hufichwa na kubaki herufi za mwanzo tu, wakati mwingine hata jina la mshtakiwa, ili mtoto asitambulike. Kwa hivyo kutolikuta jina humo hakuthibitishi chochote.

Kusoma matokeo ya kesi kunahitaji uangalifu kuliko kuyatafuta. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Faili ikisema kwamba mshtakiwa aliachiliwa chini ya kifungu cha 210 au 215 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, huyo hana hatia, na wewe mwajiri huna haki ya kumhukumu upya. Ikisema kesi iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a), maana yake ni tofauti: upande wa mashtaka uliiondoa kabla ya utetezi, na sheria inaruhusu mtu huyo ashtakiwe tena kwa jambo lile lile. Huku kwetu kesi nyingi hukomea hapo kwa sababu wazee wamekaa chini ya mti, mbuzi akatolewa, na mlalamishi akaacha kufika mahakamani. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba sina neno. Kwa mtoto aliyenajisiwa, mapatano kama hayo ni dhuluma juu ya dhuluma, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, katika kifungu cha 40, haikuziachia familia uamuzi wa kusitisha kesi kama hiyo. Mamlaka hayo leo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ninapokuta faili ya namna hiyo kwa mtu anayetaka kuishi na watoto bwenini, humwita anieleze mbele ya halmashauri, na maelezo yasiporidhisha hatumwajiri.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 39, inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu kuweka rejista ya waliopatikana na hatia ya makosa ya ngono, na kumruhusu mtu mwenye sababu ya maana kuikagua. Shule ina sababu hiyo, na ombi huandikwa kwa Msajili mwenyewe. Kwa walimu ipo hatua rahisi zaidi: hakiki nambari ya usajili kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ambayo pia huchapisha majina ya walimu waliofutwa kwenye rejista yake.

Kosa lenyewe nalo lipimwe. Wapo akina mama wengi magharibi waliowahi kutozwa faini kwa kupika chang'aa ili wasomeshe watoto. Sioni kwa nini faini ya miaka kumi iliyopita imzuie mmoja wao kupika githeri shuleni. Lakini dereva aliyefungwa kwa kuendesha gari akiwa mlevi ni suala jingine, kwa sababu kosa lake linagusa kazi ile ile anayoiomba.

Barua ya chifu ichukuliwe kwa uzito wake halisi. Inathibitisha kwamba mtu anajulikana katika lokesheni hiyo. Haithibitishi kwamba hajawahi kufungwa kwingineko. Mzee wa mtaa na majirani watakueleza mengi, na yafaa kuyasikiliza kwa sababu yanaweza kukuonyesha mahakama ya kutafuta, ila usiyaandike kwenye faili kama ukweli. Kitabu cha matukio cha kituo cha polisi hakipekuliwi na mtu wa nje, na yaliyomo ni malalamiko, wala si hukumu. Na ukimwomba afisa unayemfahamu akuangalizie mtu kwa siri, umeingilia faragha inayolindwa na kifungu cha 31 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na utapata maneno usiyoweza kuyaonyesha kwa yeyote. Ofisi ya umma ikikaa na ombi lako halali bila kujibu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21, na baada ya hapo unaweza kulalamika kwa Ombudsman, yaani ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambayo ina tawi Kisumu. Nakala zote ulizokusanya zifungiwe kabatini, na za wale ambao hawakuajiriwa ziharibiwe.

Limebaki la yule anayeachiliwa huru na bado cheti chake kinaonyesha kesi, na hao ni wengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu faili ya mahakama na kumbukumbu ya alama za vidole hukaa mahali tofauti. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaagiza kumbukumbu za namna hiyo ziharibiwe iwapo aliyeachiliwa hajawahi kupatikana na hatia. Ukimkuta mwombaji kazi katika hali hiyo, usimfukuze. Mwelekeze kwenye mahakama iliyosikiliza kesi yake achukue nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, aipeleke DCI pamoja na barua ya kuomba rekodi irekebishwe, abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha aombe cheti kipya. Sisi humshikia nafasi yake hadi jibu lirudi, na wakati huo huo tunaitegemea nakala ya mahakama.