Vibonyeo begani na mstari karibu na kitako cha ganda

Ndugu, umesema kwamba maganda ya risasi za bunduki aina ya .308 Winchester ambayo kaka yako anayajaza upya huko Marekani yanatoka kwenye kalibu (kifaa cha kulirudishia ganda umbo lake) yakiwa na vibonyeo begani, yaani pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni, na mengine yana mstari unaong'aa karibu na kitako, ukauliza kama bado yanafaa. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Vibonyeo husababishwa na kilainishi kingi kinachopakwa ganda kabla ya kuingia kwenye kalibu, ambacho kikikosa pa kutokea husukuma bega ndani. Asafishe kalibu pamoja na kitundu chake cha kupumulia, kisha apake kidogo. Kibonyeo chepesi hujinyoosha risasi inapofyatuliwa.

Mstari ndio unaonitia hofu. Ganda ni aloi ya shaba na zinki, takriban asilimia 70 kwa 30, na bega linaporudishwa nyuma kupita kiasi, ganda hulazimika kutanuka tena ndani ya chemba (sehemu ya bunduki inamokaa risasi) kila linapofyatuliwa, hivyo ukuta wake hupungua unene juu kidogo ya kitako hadi siku moja likatike. Achukue waya mwembamba, aupinde ncha, autelezeshe ndani kuelekea kitakoni. Ncha ikikwama kwenye mfereji, alibonde ganda hilo kwa koleo lisirudi kutumika, halafu airekebishe kalibu kwa kipimo cha maganda yaliyofyatuliwa na bunduki hiyohiyo.

Kwa sisi tulioko Dar es Salaam, tafadhali usijaribu nyumbani: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, hata kama bunduki yake imesajiliwa.