Barua kwa mwanangu: Quinn na benchi la babu yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Michael Quinn, yule mwanahistoria wa Kimormoni (kanisa lililoanzia Marekani) uliyesoma habari zake, alifanya vyema kuandika mambo ambayo wakubwa wa kanisa lake walitaka yaachwe. Ni siku ya nne leo, na kila nikishika kalamu ninamwona babu yako.

Quinn hakuwa mgeni aliyekuja kuchimba aibu za watu. Alikuwa muumini tangu utoto, na profesa katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, chuo cha kanisa hilo huko Utah, Marekani. Mwaka 1985 alichapisha makala iliyoonyesha kwamba, baada ya kanisa kutangaza mwaka 1890 kuwa linaacha ndoa za wake wengi, baadhi ya viongozi wake waliendelea kuziruhusu kwa siri. Mwaka 1988 aliacha kazi, na Septemba 1993 akatengwa na kanisa. Hata hivyo, hadi alipofariki mwaka 2021 alijiita muumini.

Hilo la mwisho ndilo linalonishughulisha. Unajua jinsi babu yako alivyotengwa na meza ya Bwana kwa sababu ya Bibi Mdogo, mke wake wa pili. Usilolijua ni Pasaka moja, nikiwa na miaka tisa, nilipoketi naye kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Sinia la vikombe lilipita safu kwa safu, na lilipotufikia, mzee wa kanisa aliliinua juu ya kichwa cha baba kama anayevusha karai la maji ya moto, akampa jirani yetu. Baba aliikunja mikono yake polepole, akaendelea kuimba besi. Na kijiji kizima kilijua kwamba mzee yule alikuwa na nyumba ndogo ng'ambo ya mto.

Mimi husema siku zote kwamba imani inayoogopa daftari lake la zamani ni imani ya kuazima. Lakini papo hapo najibishana: baba angesimama siku ile akalisoma daftari hilo mbele ya watoto wa yule mzee, nani angeshiba? Au pengine ukimya wake ndio uliomwachia mzee sinia miaka yote ile? Nasema tena, ni imani ya kuazima. Ila baba hakuazima yake kwa mtu.

Kalamu inataka sana kuandika kwamba Quinn alifanya vyema. Ninaizuia, kwa kuwa nikishaandika hivyo nitakuwa nimemhukumu pia mtu aliyekaa kwenye benchi lile.

Baba yako